Kuinua nyuma ya Hilux ukiwa nyumbani: anza na springi

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo dabo kabini ya 2010, injini ya dizeli ya 2.5, ninayobebea viazi kutoka Uporoto kuja Mbeya mjini. Nyuma imelala hata ikiwa tupu, na nikipakia inagonga kwenye kila shimo. Dukani nimeshauriwa ninunue bloku za inchi mbili na yu-bolti ndefu, au shakli ndefu, kwamba ni kazi ya nusu siku. Nina jeki na spana, na kaka yangu atanisaidia. Je, tunaweza kufunga wenyewe uani? Na nichukue kipi?"

Marahaba. Kazi yenyewe mnaiweza, mradi mna subira na vifaa vya kuzuia gari lisiwaangukie. Ila kabla hamjashika spana, tukubaliane juu ya jambo moja: ulichoshauriwa dukani kitainua bodi, hakitatibu ugonjwa. Bloku ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya ekseli na springi, na yu-bolti ni boliti za umbo la U zinazovibana vyote pamoja. Ukishakifunga, bodi inapanda inchi mbili, lakini springi inabaki ile ile iliyochoka. Ukipakia viazi itashuka kiasi kile kile ilichokuwa ikishuka jana. Kugonga kutapungua kwa muda kwa kuwa nafasi kati ya ekseli na chasisi imeongezeka, ila springi sasa itapinda zaidi ya ilivyokusudiwa kupinda, na iliyochoka ikipindishwa hivyo mwisho wake ni kukatika barabarani ikiwa na mzigo.

Kwa hiyo anza na vipimo. Egesha gari tupu mahali pa tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, kisha andika. Pima tena siku ukiwa umepakia kama kawaida yako. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayomwambia muuza springi unahitaji nini. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, tafuta jani (kimojawapo cha vyuma bapa vilivyopangwa kuwa springi) lililovunjika upande huo. Jani huvunjika mara nyingi karibu na senta bolti, ile boliti ya katikati inayoyashika majani pamoja, mahali ambapo uchafu unaficha ufa, basi osha kwanza kwa brashi ya waya ndipo uangalie kwa tochi.

Ukiwa chini ya gari angalia umbo la springi. Gari likiwa tupu, majani yanatakiwa yawe na upinde ulio wazi. Yakiwa yamenyooka, yamekufa. Angalia pia shakli, ile mikono miwili inayoning'iniza jicho (ncha iliyokunjwa duara) la nyuma la springi. Ikiwa imelala sana kuelekea nyuma hata bila mzigo, springi imejinyoosha na kurefuka, na haina tena mahali pa kwenda ikibanwa.

Halafu kuna hesabu ya mzigo, ambayo nakuomba uifanye kwa uaminifu. Hilux ya aina yako imetengenezwa kubeba takribani tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na abiria. Gunia la lumbesa hupita kilo 100 bila shida. Ukipakia magunia manane ya kilo 120 umefika kilo 960, na bado hujajihesabu wewe, kaka yako na kijana wa kushusha. Hakuna springi inayobadilisha uwezo wa ekseli, beringi, breki na chasisi. Springi nzito hulifanya gari lisimame vizuri likiwa na mzigo wake halali, basi. Ninalisisitiza hili kwa sababu gari lililoinuliwa nyuma huficha uzito: halilali tena, kwa hiyo mwenye gari anaongeza gunia la tisa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Shakli ndefu ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo nisiyoipenda. Ukirefusha shakli kwa inchi mbili nyuma inapanda karibu inchi moja tu, kwa sababu ni upande mmoja wa springi ulioshuka. Pamoja na hiyo inchi moja, ekseli inazunguka kidogo na pua ya difu (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli) inaelekea juu, pembe ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu, inaharibika, na gari linaanza kuyumba ubavuni kwa kuwa shakli ndefu ina nafasi ya kucheza. Bloku ni bora kidogo, ila kadiri ilivyo ndefu ndivyo ekseli inavyopata mkono mrefu wa kuizungusha springi unapokanyaga mafuta au breki kwa nguvu. Kwa gari la kutembelea lenye springi nzima, bloku moja ya chuma kigumu ya inchi moja au moja na nusu naweza kuikubali. Kupanga bloku mbili moja juu ya nyingine usithubutu, na usikubali bloku ya mbao.

Kuongeza jani ni njia ya heshima kwa springi ambayo bado ina uhai. Jani refu linaloingia katikati ya mengine huinua na kuongeza nguvu pamoja. Lakini majani yako yamelala gari likiwa tupu, na jani jipya litafanya kazi peke yake huku mengine yamejiegesha. Hapo jani hilo litachoka mapema. Isitoshe, kulifungua fungu la springi ni hatari: senta bolti ikitoka majani yanaruka, kwa hiyo lazima yabanwe kwa klampu mbili nzito kwanza. Uani kwako, bila vaisi kubwa, sishauri.

Kwako wewe ninashauri fungu zima jipya kwa kila upande, lile linalouzwa kwa kutaja mzigo wa kudumu kwa kilo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachukua lenye namba kubwa kuliko yote. "Mzigo wa kudumu" maana yake ni uzito unaokaa kwenye gari siku zote, kama bodi ya chuma au tangi. Kama nusu ya safari zako unarudi tupu, chukua la uzito wa kati, lililoandikwa labda kilo 300. Springi ngumu mno kwenye gari tupu hurukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mabati, tairi za nyuma zinapoteza mshiko kwenye kona, na mtikisiko wote unapelekwa kwenye chasisi. Kuhusu mipira ya hewa inayofungwa kati ya ekseli na chasisi, ambayo nayo huenda ukashauriwa: kwa dabo kabini inayobeba mizigo mizito iache. Inausukuma uzito katikati ya chasisi mahali ambapo kiwanda hakikukusudia, na zipo chasisi zilizopinda nyuma ya kabini kwa ajili hiyo.

Pamoja na springi nunua yu-bolti mpya nne na nati zake, bushi mpya za macho yote, na pini za shakli. Yu-bolti hujivuta inapokazwa, kwa hiyo iliyokwisha kukazwa na kufunguliwa hairudi tena kwenye gari, hata ikiwa inang'aa. Hakikisha unene wa fungu jipya unalingana na urefu wa yu-bolti ulizonunua. Shokapu nazo zipime: zilizo za kawaida, nyuma ikipanda inchi mbili, zinaweza kufika mwisho wa urefu wake kila ekseli inaposhuka kwenye shimo, na zitang'oka vichwa. Tafuta zinazolingana na kimo kipya.

Siku mbili au tatu kabla ya kazi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote, jioni na asubuhi. Mbeya hamna chumvi ya bahari. Wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa pini za mbele huwa zimeshikana na bushi kiasi cha kukatwa kwa grainda. Lakini matope ya Uporoto nayo yanaijua kazi yake. Wakati huo huo chungulia boliti ya jicho la mbele inatokea upande gani. Kwenye baadhi ya gari inakabiliana na tangi la mafuta, na huwezi kuitoa bila kulilegeza tangi na kulishusha kidogo. Ni afadhali ulijue hilo Ijumaa dukani kukiwa wazi kuliko Jumapili gari likiwa juu.

Sasa usalama, na hapa naomba unisome taratibu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Unahitaji stendi mbili imara za chuma, zenye uwezo ulioandikwa unaozidi uzito wa gari, na jeki ya pili ya kushusha na kupandisha ekseli. Tofali, hata la saruji, hupasuka ghafla bila kutoa dalili, kwa hiyo lisiwepo kabisa chini ya gari. Ardhi ya uani ikiwa udongo, weka ubao mnene au kipande kipana cha bati zito chini ya kila mguu wa stendi ili isizame. Zuia tairi za mbele kwa kabari mbele na nyuma, pande zote mbili. Handbreki ya Hilux inashika tairi za nyuma tu; ukishazinyanyua, gari limebaki huru kabisa, na gia peke yake isikutie moyo.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Inua kwa kuweka jeki chini ya kibuyu cha difu, ukihakikisha haigusi bomba la breki, kisha weka stendi chini ya chasisi mbele kidogo ya pale jicho la mbele la springi lilipofungwa. Shusha jeki taratibu mpaka gari likae kwenye stendi, halafu lisukume kwa mkono kutoka ubavuni kwa nguvu kidogo. Likitikisika, rudia upya. Ukiridhika, rudisha jeki iguse ekseli bila kuinua, toa tairi, na zisukume tairi hizo chini ya chasisi zilale hapo hadi kazi iishe. Stendi ikisaliti, tairi ndizo zitakazokuachia nafasi ya kuwa hai.

Fanya upande mmoja kwa wakati. Ukifungua pande zote mbili ekseli itatembea mbele au itazunguka, na kuirudisha mahali pake mkiwa wawili ni mateso. Anza kwa kutoa shokapu sehemu ya chini. Kisha angalia vitu vinavyotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli: mpira wa breki, waya wa sensa ya gurudumu kama ipo, kebo za handbreki, kijibomba cha kupumulia difu. Hakuna hata kimoja kinachotakiwa kuning'iniza uzito. Ekseli ikishushwa bila kuangaliwa hukata mpira wa breki au huuchana kwa ndani, na uliochanika kwa ndani hautauona mpaka siku ya mteremko.

Fungua nati za yu-bolti huku jeki ikiishikilia ekseli, toa bamba la chini, ishushe ekseli kidogo mpaka springi iachane nayo. Fungua shakli ya nyuma, kisha boliti ya mbele. Fungu la springi ni zito kuliko linavyoonekana, basi kaka yako alishike upande mmoja na wewe mwingine, na vidole visiwe chini yake. Lilaze kando ya jipya. Linganisha umbali kutoka senta bolti hadi kila jicho, maana mara nyingi upande wa mbele na wa nyuma havilingani urefu, na springi ikifungwa kinyumenyume gurudumu halitakaa katikati ya fenda.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, kukiwa na mambo mawili ya kuyachunga. Jicho la mbele lianze, halafu shakli, boliti zote ziingie na nati zishike nyuzi chache tu, zisikazwe. Kisha pandisha ekseli kwa jeki polepole huku mmoja akichungulia kichwa cha senta bolti. Kichwa hicho lazima kiingie chote ndani ya tundu lililoko kwenye kikalio cha ekseli. Ndicho kinachoizuia ekseli isiteleze. Yu-bolti kazi yake ni kubana. Kikikaa ukingoni na wewe ukakaza, kila kitu kitaonekana kimeshika, na baada ya wiki chache gari litatembea kiubavu kama kaa. Ikibidi, isogeze ekseli kwa mtaimbo mbele au nyuma hadi kitumbukie.

Yu-bolti zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zinazojitokeza chini ya nati ziwe na urefu sawa kwenye miguu yote. Nguvu ya mwisho ifuate karatasi iliyokuja na springi au kitabu cha gari, na uipime kwa spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Azima kama huna. Kukaza kwa kukisia kwa bomba refu kumevuta yu-bolti nyingi hadi zikakatika.

Boliti za macho ya springi na za shakli usizikaze gari likiwa hewani. Bushi ya raba haizunguki kwenye boliti, inajisokota yenyewe. Ukiikaza ekseli ikiwa imening'inia, umeifungia mahali ambapo gari halikai kamwe, kwa hiyo likishuka chini bushi zote zinakuwa zimesokotwa muda wote. Zitachanika baada ya miezi michache, zitaanza kulia, na gari litabaki limesimama juu kuliko kimo chake halisi, jambo litakalokudanganya kwenye vipimo. Rudisha tairi, shusha gari lisimame kwa miguu yake, litikise nyuma mara kadhaa kwa kupanda kwenye bodi na kushuka, ndipo uingie chini kukaza boliti hizo na za shokapu. Kama umenunua bushi za plastiki ngumu badala ya raba, zipake grisi iliyokuja nazo kabla ya kuzifunga, ndani na pembeni.

Kuna kitu kimoja ambacho dukani hawakukutajia nami nakiona kikubwa kuliko urefu wote. Hilux nyingi za kizazi chako zina vali ya breki inayopima mzigo: imefungwa kwenye chasisi, na fimbo yake imeshikamana na ekseli. Nyuma ikishuka, vali inajua gari limepakiwa na kuruhusu breki za nyuma zipate msukumo zaidi. Wewe umeinua gari kwa springi ngumu. Sasa hata ukiwa na viazi vya kujaa, vali inaona nafasi pana kati ya chasisi na ekseli, inaamini gari ni tupu, na inazinyima breki za nyuma nguvu. Kwenye mteremko wa kuja Uyole breki za mbele zitabeba kazi yote mpaka zichemke. Chungulia juu ya ekseli. Ukiikuta fimbo hiyo, tafuta kipande cha kuinulia mguu wake kwenye ekseli kwa kiasi kile kile gari lilichopanda, kisha mpelekee fundi mwenye kipimo cha msukumo wa breki akurekebishie. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo sitaki uimalizie uani. Mpira wa breki nao utazame ekseli ikiwa imening'inia kabisa: ukiwa umenyooka kama uzi, unahitaji mrefu zaidi au kishikizo chake kishushwe.

Mengine ni madogo. Ukihisi mtetemo unapoondoka na gia ya kwanza, ni pembe ya propela, na kwa propela ya vipande viwili kama yako tiba ya kawaida ni kuishusha senta beringi kidogo kwa washa nene. Umbali wa tairi ya mbele na ya nyuma kwenye dabo kabini yako ni milimita 3,085, kwa hiyo ukiinua nyuma milimita 50 gari lote linainama mbele kwa karibu digrii moja. Inaonekana si kitu, lakini mita 20 mbele yako mwanga wa taa utakuwa umeshuka kwa zaidi ya sentimita 30. Zirekebishe taa gari likiwa na nusu ya mzigo. Usukani nao utakuwa mwepesi kidogo na hautarudi katikati kwa haraka kama zamani. Ukiona linatangatanga kwenye lami, waambie wa alaimenti wapime kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, wasipime tairi kufungua na kufunga tu.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza kaza yu-bolti tena kwa spana ile ile ya toki, na ukifika kama kilomita 1,000 rudia. Majani mapya hujipanga na rangi iliyokuwa kati yake husagika, kwa hiyo nati zitakubali kusogea kidogo, hata kama mlizikaza sawasawa. Safari ya kwanza iwe tupu, ya pili nusu mzigo. Pima tena pale kwenye fenda na uniandikie namba zote nne, tupu na iliyopakiwa, kabla na baada, pamoja na uzito uliobeba. Nikiziona nitaweza kukuambia kama springi uliyochukua ndiyo, au urudi dukani wakubadilishie ikiwa bado haijachakaa.